Ramani ya jimbo ni kazi ya tawi, na ifanyike mapema

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tujibu swali linaloulizwa kwenye matawi ya vyama vya wafanyakazi hapa Dar es Salaam tangu zilipofika habari za kura ya maoni ya California, Marekani, ya Novemba 2025, iliyohusu ramani ya majimbo ya uchaguzi. Swali lenyewe ni hili: chama cha wafanyakazi kinatafuta nini kwenye mipaka ya majimbo ya uchaguzi? Mshahara unaeleweka, makato yanaeleweka, mkataba wa hali bora unaeleweka. Ramani inaingiaje?

Inaingia kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua eneo lenye kata 15, kila kata ina wapiga kura sawa, nalo limegawanywa majimbo matano ya kata tatu tatu. Tuseme wafanyakazi wa viwandani ndio wengi katika kata 9. Mchoraji akiwarundika kata tatu jimbo la kwanza, kata tatu jimbo la pili, kisha kata tatu zilizobaki akazitawanya moja moja kwenye majimbo ya mwisho, wafanyakazi watapata wabunge wawili kati ya watano. Sasa geuza. Wawe wengi katika kata 6 tu, lakini zipangwe mbili mbili katika majimbo matatu: watapata wabunge watatu. Kata tisa zimezaa wabunge wawili, kata sita zimezaa watatu, na hakuna sanduku la kura lililoguswa. Kurundika na kutawanya: hila zote za kuchora mipaka, hata zikifanywa kwa kompyuta ya kisasa, zinarudi kwenye vitenzi hivyo viwili.

Hicho ndicho kilichogombewa Marekani. Kule mipaka ya majimbo ya Bunge la Wawakilishi kwa desturi huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka kumi. Mwaka 2025 Texas, yenye viti 38, haikusubiri sensa. Ilichora ramani mpya katikati ya muongo ili chama cha Republican kiongeze viti vitano, na lengo hilo halikufichwa. California, yenye viti 52, iliamua kujibu kwa ramani mpya inayokipendelea chama cha Democratic, lakini ilikuwa imefungwa mikono na wapiga kura wake yenyewe. Mwaka 2008 walipiga kura kuwanyang'anya wanasiasa kalamu ya kuchora mipaka ya bunge lao la ndani, na mwaka 2010 wakaongeza majimbo ya bunge la taifa. Kalamu ilikabidhiwa tume ya wananchi 14: watano wa Democratic, watano wa Republican na wanne wasio wa vyama hivyo viwili. Kwa hiyo ramani ya tume haikuweza kuwekwa kando bila wananchi kuulizwa. Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria ya kuitisha kura hiyo tarehe 21 Agosti, kura ikapigwa tarehe 4 Novemba. Ni siku 75 za kuwaeleza mamilioni ya watu jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamewahi kulifikiria.

Vyama vya wafanyakazi viliingia moja kwa moja upande wa ndiyo, vikiwemo SEIU, chenye wahudumu wengi wa hospitali na watumishi wa umma, na chama cha walimu, California Teachers Association. Sababu yao haikuwa ya kinadharia. Bunge la Marekani ndilo lililopitisha Julai 2025 sheria iliyopunguza fedha za Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Muuguzi ambaye mshahara wake unatokana na fedha hizo hahitaji semina ili aelewe kwa nini idadi ya viti ni suala lake.

Tuseme wazi pia kwamba upande wa hapana ulikuwa na hoja nzito. Tume ya wananchi ni kitu kizuri, na si jambo dogo kumwambia mwanachama akiweke kando kwa sababu jirani amecheza rafu. Kwa maoni yetu, kilichofanya hoja ya ndiyo isimame ni kwamba ilikuwa na tarehe ya mwisho. Ramani mpya ni ya chaguzi za 2026, 2028 na 2030 tu, kisha baada ya sensa ya 2030 tume inarudishiwa kalamu yake. Chama kinachoomba mwanachama akubali jambo la dharura kina wajibu wa kumwonyesha kifungu kinachosema dharura inaisha lini. Kama kifungu hicho hakipo, chama kisiombe kura ya ndiyo. Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 64.

Lakini sehemu ambayo tungependa viongozi wa matawi waisome mara mbili ni ile ya vitendo, kwa sababu "nendeni mkapige kura" ni maneno yasiyomfikisha mtu kituoni.

California kila mpiga kura ambaye uandikishaji wake bado unatumika hutumiwa karatasi ya kura nyumbani kwa posta, na bahasha ya kurudishia isiyohitaji stempu. Inaonekana rahisi. Hata hivyo kura hupotea katika hatua tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni saini. Mpiga kura lazima asaini nyuma ya bahasha, na maofisa wa kaunti huilinganisha na saini waliyonayo, ambayo mara nyingi ni ya leseni ya udereva. Kijana aliyesaini leseni akiwa na miaka 16, au mtu ambaye mkono wake umebadilika kwa ugonjwa au umri, bahasha yake inaweza kuzuiwa. Sheria inataka aarifiwe na apewe muda wa kurekebisha, lakini taarifa ikitumwa kwenye anwani ya zamani, kura imepotea. Dawa ni kumwambia mwanachama asaini kama alivyosaini leseni, kisha ajiandikishe kwenye huduma ya kufuatilia bahasha yake kwa ujumbe wa simu.

Ya pili ni muhuri wa posta. Kura huhesabiwa ikiwa imepigwa muhuri kabla ya siku ya uchaguzi kwisha na ikafika ndani ya siku saba. Mwaka 2025 maofisa wa California walionya kwamba kwa watu wa vijijini, walio mbali na vituo vikubwa vya kuchambulia barua, barua iliyotumbukizwa sandukuni siku ya mwisho inaweza kugongwa muhuri kesho yake. Mtu ametimiza wajibu wake kwa wakati na kura yake imekataliwa. Chama kinachojali kinasema: wiki ya mwisho usitumie posta, peleka bahasha kwenye sanduku rasmi la kaunti au kituoni, au ingia posta uombe igongwe muhuri mbele ya macho yako.

Ya tatu ni uvumi. Mwaka ule ulienea uvumi kwamba bahasha za baadhi ya kaunti zina matundu ya kuchungulia nani amepiga hapana. Matundu yapo kweli, na yana kazi mbili: kumwelekeza mpiga kura asiyeona mahali pa kusaini, na kumwezesha mhesabuji kuhakikisha bahasha imebaki tupu. Anayeogopa huikunja karatasi upande wa pili, basi. Ila jibu hilo linatakiwa liwe mkononi mwa mjumbe wa tawi siku uvumi unapoanza. Likija wiki moja baadaye, uvumi umeshakaa.

Upo pia muda wa kazini. Sheria ya California inampa mfanyakazi asiye na nafasi ya kutosha nje ya zamu yake hadi saa mbili za kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, mwanzoni au mwishoni mwa zamu, mradi amtaarifu mwajiri siku mbili za kazi kabla. Mwajiri naye anatakiwa kubandika tangazo la haki hiyo siku 10 kabla ya uchaguzi. Na vituo vyao hufungwa saa 2 usiku. Kumbuka saa hiyo, tutairudia.

Kabla hatujatoka Marekani, Ohio inastahili kutajwa kama onyo. Mwaka 2024 wananchi kule waliulizwa kama wanataka tume ya raia 15 ichore mipaka badala ya wanasiasa. Muhtasari uliochapishwa kwenye karatasi ya kura uliandikwa kana kwamba tume hiyo ingelazimika kuchora kwa upendeleo, kinyume cha walivyokusudia waliopeleka hoja. Suala likafika Mahakama ya Juu ya Ohio, ambayo iliacha sehemu kubwa ya maneno hayo yabaki. Hoja ikaanguka. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mwanachama asome swali lenyewe wiki kadhaa kabla, kama litakavyochapishwa, neno kwa neno. Kipeperushi cha chama kinachosema tu "piga ndiyo" bila kuchapa swali kamili kinamwacha mtu peke yake ndani ya kibanda, mbele ya sentensi ndefu asiyowahi kuiona.

Sasa turudi Dar es Salaam. Hapa kwetu mipaka ya majimbo haiendi kwenye kura ya maoni. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kazi ya kuigawa nchi katika majimbo kwa kibali cha Rais, na kuichunguza mipaka hiyo angalau kila baada ya miaka kumi. Wengine wanahitimisha kwamba basi mfanyakazi hana pa kuingilia. Sivyo. Mlango upo, tatizo ni kwamba unafunguliwa kwa muda mfupi na watu wengi wanakuwa wanaangalia pengine.

Angalia mwaka 2025. Tume ilipokea mapendekezo ya kugawa majimbo kuanzia tarehe 27 Februari hadi 26 Machi. Mapendekezo yalitakiwa yaanzie kwenye baraza la madiwani la halmashauri, yapite Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ndipo yafike Tume. Vikao vitatu ndani ya wiki nne. Katikati ya wiki hizo hizo, tarehe 17 Machi, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ukaanza katika mkoa wetu, na kila mtu akawa kwenye foleni ya kadi. Foleni ilikuwa kwenye daftari, ramani ilikuwa vikaoni. Tarehe 12 Mei Tume ikatangaza majimbo mapya manane, mawili yakiwa hapa: Kivule, lililotoka Ukonga, na Chamazi, lililotoka Mbagala. Nchi ikawa na majimbo 272, yaani 222 Bara na 50 Zanzibar.

Tunayaunga mkono majimbo hayo mawili. Ukonga na Mbagala yalikuwa yamefurika. Lakini tazama hesabu baada ya mgawanyo huo, kwa takwimu za Sensa ya 2022. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 na majimbo 12, wastani wa karibu watu 448,600 kwa mbunge mmoja. Bara nzima ina watu 59,851,347 na majimbo 222, wastani wa karibu 269,600. Ndani ya mkoa wenyewe, Kigamboni ina watu 317,902 na mbunge mmoja. Ubungo ina 1,086,912 na wabunge wawili, yaani zaidi ya watu 543,000 kila mmoja, na Kinondoni ina 982,328, pia na wawili. Ilala sasa ina wastani wa karibu 412,000 kwa mbunge mmoja na Temeke 449,000. Mwenye macho anaona mazungumzo yajayo yataanzia wapi: Kimara, Mbezi, Goba, Kwembe na Kibamba, ambako watu wanaendelea kujenga na kuhamia kila mwaka. Idadi ya watu si kigezo pekee, na hatudai iwe hivyo. Tume huangalia pia jiografia, mawasiliano, hali ya uchumi, mazingira ya Muungano, hata nafasi ndani ya ukumbi wa Bunge. Mbunge wa wilaya ya wafugaji yenye barabara moja ya vumbi ana mzigo ambao wa Kinondoni hana. Pamoja na hayo, pengo kubwa namna hii linahitaji mtu wa kulisemea, na wanaobanwa nalo kwenye vyumba vya madarasa na foleni za zahanati ni wanachama wetu.

Vigezo viwili vya Tume vinatusaidia. Kata moja haiwezi kuwekwa kwenye majimbo mawili, na jimbo haliwezi kuvuka mipaka ya wilaya au halmashauri. Maana yake tofali la kujengea jimbo ni kata, kwa hiyo hoja yoyote itakayopelekwa baraza la madiwani iandikwe kwa kata. Idadi ya watu ya kila kata ipo kwenye taarifa za sensa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa mwaka 2025 kizingiti cha kugawa jimbo kilikuwa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Andiko la kurasa mbili linatosha: jedwali la kata na watu wake, mstari unaopendekezwa, umbali kutoka kata ya pembeni hadi ofisi za halmashauri, na sababu. Diwani hupewa nakala wiki mbili kabla ya kikao. Akipewa asubuhi ya kikao ataliweka chini ya makabrasha mengine.

Hapo ndipo matawi mengi yatakwama, kwa sababu hayajui wanachama wao wanaishi wapi. Yanajua wanafanya kazi wapi. Kiwanda kipo Barabara ya Nyerere, lakini wafanyakazi wake wanarudi Chanika, Kitunda, Mbagala, Vingunguti, na kila mmoja anapiga kura anakoishi. Fomu ya TUF 6 inamaliza suala la makato ya ada. Suala la kata halimalizi. Kila tawi lifungue daftari lake lenye safu moja ya ziada: kata anayoishi mwanachama. Tawi la watu 300 linaweza kulijaza ndani ya wiki moja, zamu kwa zamu, mlangoni. Tahadhari moja: msiandike namba ya kadi ya mpiga kura ya mtu yeyote, wala msiishike kadi yake. Chama hakina kazi nazo, na siku orodha ikivuja mtakuwa mmepoteza imani isiyorudishika kwa kikao.

Kwa nini yote haya mapema? Kwa sababu baadaye hakuna pa kwenda. Ibara ya 74(12) ya Katiba inazizuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake ya kikatiba. Mstari ukishatangazwa, malalamiko yanabaki kuwa malalamiko.

Na siku kura ya maoni yoyote itakapoitishwa nchini, kazi ni ile ile. Sheria ya Kura ya Maoni ipo tangu 2013. Ile ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji kwa mfumo wa kielektroniki wa alama za vidole (BVR) haukuwa umekamilika. Kwa utaratibu uliowekwa wakati ule, ndiyo ilihitaji kuvuka nusu ya kura halali Bara, na kuvuka nusu Zanzibar, kila upande peke yake. Kwa hesabu ya namna hiyo, tawi lisilofikisha watu wake kituoni halina la kusema.

Vituo vyetu hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, si saa 2 usiku kama California. Mlinzi anayeingia zamu saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, muda wote wa kura umemezwa na lindo. Siku ya uchaguzi hutangazwa kuwa ya mapumziko, lakini mapumziko hayo hayamfikii mlinzi, muuguzi wa wodi, dereva wa mwendokasi wala mpishi wa hoteli. Hapa ndipo mkataba wa hali bora unapofanya kazi ambayo tangazo haliwezi. Kwenye majadiliano yajayo ingizeni kifungu: mfanyakazi aliye zamuni siku ya uchaguzi au ya kura ya maoni atapewa saa tatu za kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, kwa orodha itakayopangwa na tawi pamoja na mwajiri siku saba kabla. Tumesema tatu kwa sababu ya foleni za barabara zetu. Mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na aliyejiandikisha Chanika, saa mbili hazimtoshi. Mwajiri atauliza kazi itafanywa na nani. Jibu ni orodha: watu wakiachiwa kwa makundi, lindo halibaki tupu.

Kuhamasisha kwenyewe tunapendekeza mjumbe mmoja kwa wanachama 20, wale anaowaona kila siku. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa watu 300 husomwa na kusahaulika. Mjumbe aulize mambo matatu, mwezi mmoja kabla: kadi yako iko wapi, kituo chako kiko wapi, siku hiyo unaingia zamu saa ngapi. Jibu la pili ndilo lenye matatizo mengi. Aliyejiandikisha Mbagala akahamia Goba atapiga kura Mbagala asipokuwa amehamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji wa daftari, na kipindi hicho kikishapita hakuna wa kumsaidia. Aliyepoteza kadi asikate tamaa. Tume imewahi kuruhusu kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, mradi jina limo daftarini na linafanana. "Linafanana" ndilo neno la kuangalia: mwenye majina matatu kwenye kitambulisho na mawili daftarini ashughulikie mapema. Na yeyote aliyekwisha kuwa kwenye mstari saa 10 kamili ana haki ya kupiga kura, hata akihudumiwa saa 11. Msiondoke kwa kuambiwa muda umekwisha.

Kwa Tume tuna ombi moja. Ramani za majimbo mapya zibandikwe kwenye ofisi zote za serikali za mitaa, zikionyesha kata zilizomo na idadi ya watu wa kila kata, ili mapitio yajayo yasiwakute watu wakiuliza mpaka unapita wapi. Kwa makatibu wa matawi, safu ya kata ijazwe kabla ya Mei Mosi, na nakala ya jumla ya kila kata, bila majina, ipelekwe ofisi ya kanda ya chama chenu.

Wenu katika kazi,
Waelimishaji wa matawi ya wafanyakazi,
Dar es Salaam